Mpira ni wa nani, na nani hukagua daftari lake?

Bajeti ya kaunti inapokaribia kujadiliwa, maombi ya vijana katika wadi huwa hayatofautiani sana. Wanataka uwanja usawazishwe, wapate magoli yenye nyavu, jezi na mipira. Malalamiko nayo yanajulikana. Timu imelipa ada ya usajili na ligi haijaanza. Zawadi ya mashindano ilitangazwa jukwaani lakini haikufika. Uchaguzi wa chama ulifanyika na klabu zikapata habari siku ya pili.

Mwenye lalamiko kama hilo mara nyingi huja katika afisi ya michezo ya kaunti na kuuliza, "Mbona serikali hamwafuti hawa?" Yuko mwingine ambaye huja na dawa yake mkononi: "Mpeni mfanyabiashara aendeshe, mtaona mambo yakienda." Makala haya yanaeleza kwa nini dawa hizo mbili si rahisi kama zinavyosikika, sheria inampa mwananchi uwezo gani, na mahali ambapo kaunti yenyewe inapaswa kuulizwa.

Chama cha michezo ni kitu gani?

Shirikisho la Soka Kenya (FKF), Riadha Kenya na vyama vingine vya kitaifa si idara za serikali. Si kampuni zenye wenye hisa pia. Ni vyama vya wanachama. Klabu hujiunga, hulipa ada, huchagua viongozi wa tawi, na matawi hutuma wajumbe kwenye mkutano mkuu ambao huchagua viongozi wa taifa. Mwenyekiti hapati kazi yake kutoka kwa Rais wala Gavana. Anaipata kutoka kwa wajumbe.

Hata hivyo, chama hicho kinashika jambo la umma. Kinavaa rangi za bendera. Kinaamua nani atacheza kwa jina la Kenya na nani atabaki nyumbani. Kinapokea fedha za serikali timu ya taifa inaposafiri, na kinatumia viwanja vilivyojengwa kwa kodi. Pia kiko peke yake: ukichukizwa na kampuni ya simu unaweza kuhamia nyingine, lakini mchezaji akichukizwa na shirikisho lake hana shirikisho la pili la kuhamia.

Kwa hiyo tuna chombo chenye nguvu kama za serikali, ambacho hakichaguliwi na wananchi wote na hakina mshindani sokoni. Chombo cha namna hiyo kisipowekewa njia nyingine ya kuulizwa, hakuna atakayekiuliza.

Kwa nini Waziri hawezi kumfukuza tu mwenyekiti?

Kenya imekwisha kujaribu. Novemba 2021, baada ya ukaguzi wa hesabu za FKF, Waziri wa Michezo wa wakati huo, Amina Mohamed, alitumia Sheria ya Michezo ya mwaka 2013 kuweka afisi za shirikisho chini ya kamati ya muda iliyoongozwa na jaji mstaafu Aaron Ringera. Swali la msingi lilikuwa la haki: fedha za umma zilitumikaje?

Lakini kanuni za FIFA zinadai kila shirikisho mwanachama lijiendeshe lenyewe bila kuingiliwa na mtu wa nje, serikali ikiwemo. Tarehe 24 Februari 2022 FIFA ilitangaza kuifungia Kenya, siku moja na Zimbabwe. Harambee Stars wakaondolewa katika mechi za kufuzu Kombe la Afrika la 2023. Klabu zetu zikakosa mashindano ya Afrika ya msimu wa 2022/23. Marufuku hiyo iliondolewa Novemba 2022, baada ya serikali mpya kurejesha uongozi wa shirikisho.

Haikuwa mara ya kwanza. Kenya ilifungiwa pia mwaka 2004 na mwaka 2006. Mara zote aliyeumia zaidi si kiongozi aliyelalamikiwa wala aliyelalamika. Ni mchezaji aliyekuwa na msimu mmoja wa kuonekana, na msimu ukapita. Fahali wawili walipigana, nyasi zikaumia.

Kanuni ya kutoingiliwa ina sababu yake. Bila kanuni hiyo, kila serikali mpya ingepanga timu, makocha na viongozi kisiasa. Tatizo ni kwamba kanuni hiyo hiyo inaweza kuwa ngao ya kiongozi asiyetaka kufungua vitabu vyake. Ndiyo maana njia bora si Waziri kuvunja mlango. Kuna njia za kisheria zinazomlazimisha kiongozi aufungue mwenyewe.

Sheria imeweka njia gani?

Sheria ya Michezo ya mwaka 2013 inataka kila shirika la michezo lisajiliwe, liwe klabu, chama cha kaunti au chama cha kitaifa. Kazi hiyo ni ya Msajili wa Michezo. Klabu isiyosajiliwa haina pa kusimama: haiwezi kudai haki ya kupiga kura, na kesi yake hudhoofika kabla haijasikilizwa. Klabu nyingi za mitaani hugundua jambo hili wakati wa uchaguzi, wakati ambapo muda umekwisha.

Sheria hiyo pia iliunda Jopo la Kutatua Mizozo ya Michezo. Jopo husikiliza rufaa dhidi ya maamuzi ya Msajili, rufaa dhidi ya maamuzi ya vyama vya kitaifa pale kanuni za vyama hivyo zinaporuhusu, na mizozo mingine ya michezo ambayo pande husika zimekubali kuipeleka huko. Jopo hili lina meno. Desemba 2019 lilifuta mchakato wa uchaguzi wa FKF, na Machi 2020 likaufuta tena. Uchaguzi ulifanyika Oktoba 2020.

Linganisha hatua hizo mbili. Jopo lilipofuta uchaguzi, Kenya haikufungiwa. Waziri alipoweka kamati, Kenya ilifungiwa. Lengo lilikaribiana, lakini njia zilitofautiana, na mchezaji alilipa bei tofauti. Mwenye lalamiko akipitia Msajili na Jopo anatembea polepole, ila anatembea mahali ambapo hasukumi timu nzima shimoni.

Je, mfanyabiashara angeendesha vizuri zaidi?

Hoja hii si ya kupuuzwa. Kuanzia mwaka 2003 ligi kuu ya soka nchini iliendeshwa na kampuni iliyomilikiwa na klabu zenyewe, Kenyan Premier League. Katika miaka yake mizuri mechi zilionyeshwa kwenye televisheni ya SuperSport na ratiba ikaheshimiwa. Klabu zilikuwa na sababu ya kuisimamia kampuni hiyo kwa karibu, kwa kuwa hasara ya ligi ilikuwa hasara yao.

Lakini angalia ilivyoishia. Mwaka 2017 mzozo kuhusu kuongeza timu kutoka 16 hadi 18 ulisababisha SuperSport kuvunja mkataba na kuondoka. Mwanzoni mwa 2018 kodi ya kampuni za kamari ilipopanda hadi asilimia 35, SportPesa ilitangaza kusitisha udhamini wake wote wa michezo nchini. Klabu zilizokuwa zimepanga mishahara kwa fedha hizo zikabaki na wachezaji wasio na malipo. Mwaka 2020 makubaliano ya kampuni na shirikisho yaliisha, na ligi ikarudi mikononi mwa FKF.

Fedha binafsi zina faida mbili: huja haraka, na mwenye nazo hufuatilia thamani yake. Zina kasoro moja kubwa: huondoka haraka pia. Kampuni haina wajibu wa kuendelea kulea timu ya wasichana ya mashinani wakati hesabu zake zimegeuka. Wajibu huo hubaki kwa umma.

Wala kuwa nje ya serikali si dawa ya ufisadi. FIFA yenyewe ni chama cha kibinafsi chini ya sheria za Uswisi. Mei 2015 polisi wa Zurich waliwakamata maafisa wake kadhaa hotelini kwa ombi la waendesha mashtaka wa Marekani, kwa madai ya hongo na utakatishaji wa fedha. Chama hicho kilikuwa na wadhamini matajiri, wahasibu na wanasheria wa kila aina. Kilichokosekana ni mtu wa ndani mwenye uwezo na nia ya kuuliza. Baada ya aibu hiyo, mwaka 2016, FIFA ilipitisha mageuzi: kikomo cha miaka 12 kwa rais, kamati huru zaidi ya ukaguzi, na kutangazwa kwa malipo ya viongozi wakuu. Mageuzi yalianza pale vitabu vilipofunguliwa, na waliovifungua walikuwa wapelelezi wa dola.

Na serikali, je?

Tusijisifu. Rekodi ya umma katika michezo ina makovu yake, na mwananchi anayajua. Mwaka 2024 Harambee Stars walicheza mechi zao za "nyumbani" Malawi na Uganda kwa sababu Kenya haikuwa na uwanja mmoja uliokidhi viwango vya Shirikisho la Soka Afrika. Viwanja vilikuwapo, na wahudumu walikuwapo. Matunzo hayakuwapo, kwa kuwa ni rahisi kukata utepe wa uwanja mpya kuliko kutenga fedha za nyasi na choo kila mwaka.

Ndiyo maana mpaka kati ya umma na binafsi hautuambii mengi. Uwanja mpya wa Talanta jijini Nairobi, wa viti 60,000, ni mfano. Fedha zake zimetafutwa kwa wawekezaji kupitia dhamana ya takriban shilingi bilioni 44.8 iliyoorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi mwaka 2025. Ukisikia hivyo unaweza kudhani kwamba umma haukutoa kitu. Lakini wawekezaji hawatoi sadaka. Hurudishiwa fedha zao pamoja na riba, na marejesho hayo yamepangwa kutoka katika Hazina ya Michezo, Sanaa na Maendeleo ya Jamii, ambayo hupata mapato yake kutokana na kodi za kamari na bahati nasibu. Hii haimaanishi kwamba mpango ni mbaya. Inamaanisha kwamba fedha zinapoitwa "za binafsi", mwananchi aulize nani atalipa mwishoni.

Swali lenye faida basi si "umma au binafsi?" Ni maswali matatu. Fedha zinatoka wapi? Nani anaweza kumwondoa msimamizi akishindwa? Daftari linasomwa wapi? Chombo chenye majibu wazi kwa yote matatu kwa kawaida hufanya kazi, kiwe cha serikali, cha kampuni au cha wanachama. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hawakubagua mali ya nani.

Kaunti inahusika wapi?

Katiba, katika Jedwali la Nne, inaipa serikali ya kaunti jukumu la shughuli na vifaa vya michezo. Serikali ya kitaifa imepewa jukumu la kukuza michezo na elimu ya michezo. Kwa maneno mepesi, uwanja wa wadi, chumba cha kubadilishia nguo, ua na choo ni deni la kaunti. Ligi, usajili wa wachezaji, refa na uchaguzi wa chama ni kazi ya chama chenyewe. Kaunti haiwezi kumfuta mwenyekiti wa tawi. Inaweza, na inapaswa, kukataa kukipa fedha chama ambacho hakijatoa hesabu ya fedha za mwaka uliopita.

Kuhusu viwanja, kaunti yoyote ina njia tatu za kuviendesha. Inaweza kuviendesha yenyewe kupitia idara ya michezo. Inaweza kumkodisha mwendeshaji binafsi. Inaweza kukabidhi kazi ya kila siku kwa kamati ya watumiaji: klabu, shule na wakazi wa karibu. Kila njia ina mahali inapovunjika.

Idara ikiendesha, hatari ni uwanja usio na mwenyewe. Mapato ya tiketi na ada huingia katika akaunti ya kaunti, lakini bomba likipasuka ombi la kulitengeneza husubiri bajeti ijayo. Mwendeshaji binafsi akipewa, bomba hutengenezwa wiki hiyo hiyo, ila hatari ni bei: timu ya mtaani inaweza kukuta saa zote nzuri zimeuzwa kwa harusi na mikutano. Kamati ya watumiaji ikiendesha, bei huwa nafuu na macho huwa mengi, lakini kamati ikikaa miaka mingi bila uchaguzi hugeuka kuwa mali ya watu watatu.

Kwa hiyo, kaunti ikileta mbele yenu pendekezo la kukodisha uwanja, msiishie kuuliza kama mnalipenda au hamlipendi. Ulizeni mkataba unasema nini kuhusu mambo haya:

- Saa ngapi kwa wiki zimetengwa kwa shule na timu za mitaani bila malipo au kwa ada ndogo, na ni saa gani hasa.
- Nani analipia ukarabati mkubwa na nani analipia ule mdogo.
- Kaunti itapata kiasi gani, lini, na kupitia akaunti gani.
- Mwendeshaji akivunja masharti, mkataba unavunjwaje, na nani hubaki na vifaa.
- Hesabu za kila mwaka zitabandikwa au kutangazwa wapi.

Kama majibu hayamo katika maandishi, ahadi ya mdomo haitamlinda mtu.

Mkazi anaweza kufanya nini?

Kwanza, sajili klabu yako. Weka katiba yake, orodha ya wanachama, kumbukumbu za mikutano na risiti za kila ada mnayolipa kwa chama. Klabu yenye karatasi inasikilizwa, na klabu inayodai wengine hesabu itaulizwa ya kwake.

Pili, hudhuria vikao vya bajeti kwa wakati wake. Mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa katika Bunge la Kaunti kufikia tarehe 1 Septemba. Mwelekeo wa fedha huwasilishwa kufikia tarehe 28 Februari. Makadirio ya bajeti huwasilishwa kufikia tarehe 30 Aprili, na huhitaji kupitishwa kufikia tarehe 30 Juni. Mwenye kuomba uwanja mwezi Julai amechelewa kwa mwaka mzima. Na ukiomba ujenzi, omba pia fungu la matunzo katika sentensi hiyo hiyo.

Tatu, omba habari kwa maandishi. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inampa kila raia haki hiyo, na ombi linaweza kuandikwa kwa Kiswahili. Huhitaji kueleza sababu ya kuuliza. Afisi husika inapaswa kujibu ndani ya siku 21. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba sheria hii haihusu afisi za serikali peke yake. Inagusa pia shirika lisilo la serikali linalopokea au kutumia fedha za umma. Chama cha michezo kilichopewa basi, jezi au fedha na kaunti hakiwezi kusema kwamba matumizi ya msaada huo ni siri ya wanachama. Ukinyimwa jibu, peleka ombi la kuangaliwa upya kwa Tume ya Haki ya Utawala ndani ya siku 30.

Nne, soma ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu. Katiba inataka hesabu za kila kaunti zikaguliwe ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa fedha kuisha, yaani kufikia mwisho wa Desemba. Pia inamruhusu Mkaguzi kukagua shirika lolote linalofadhiliwa kwa fedha za umma. Ripoti hutolewa hadharani. Tafuta sehemu ya idara ya michezo, angalia miradi iliyolipiwa, kisha tembea hadi uwanjani ukaangalie kwa macho. Ukiona goli lililolipiwa halipo, mwambie mwakilishi wako wa wadi kwa maandishi, ukitaja sehemu ya ripoti uliyoisoma.

Tano, kama mzozo ni wa uchaguzi au usajili wa chama, anza na njia za ndani za chama, kisha Msajili, kisha Jopo. Usingoje mpaka matokeo yatangazwe. Orodha ya wapiga kura ikitoka na jina la klabu yako halimo, siku hiyo ndiyo ya kuandika barua.

Anayepoteza ni nani?

Mchezaji wa miaka 17 ana misimu michache ya kuonekana na kocha wa timu kubwa. Ligi ikikwama mwaka mmoja kwa sababu viongozi wanagombania mhuri, mwaka huo haurudi. Msichana ambaye timu yake imefutwa kwa sababu mdhamini ameondoka hatangoja mdhamini mwingine, ataacha. Fedha zilizopotea zinaweza kurudishwa na mahakama. Umri haurudishwi.

Maswali haya yaulizwe kwa chama, kwa mdhamini, na kwa kaunti inayotoa jarida hili. Msimu mpya utakapoanza, muulize katibu wa tawi lako, mbele ya wenzako na kwa heshima, hesabu za msimu uliopita ziko wapi. Kisha iulize idara ya michezo ya kaunti swali lilo hilo.